Acheni Kumpandisha Mtoto Juu ya Kreti

Wiki jana nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi giza likaingia, nikitazama maigizo ya shule zetu hapa Kisumu yakijiandaa kwa mashindano ya kaunti. Maigizo sita. Matano yaliishia pale pale: mwanafunzi anapanda juu ya kreti ya soda, anainua bendera, ngoma inapigwa polepole nyuma ya pazia, kisha "Wananchi wenzangu!" Wenzake kumi na wawili wamesimama chini na mabango, wanaitikia "Ndiyo!" kama kwaya iliyosahau ubeti. La sita halikuwa na bendera. Lilikuwa na filimbi.

Nawapenda nyinyi walimu wapya wa drama. Mnashonesha mavazi kwa pesa zenu, mnambembeleza mwalimu wa hesabu awaachilie watoto, mnakula chai kavu Jumamosi. Lakini makosa haya niliyamaliza kuyafanya wakati baadhi yenu mko chekechea, na inanichoma kuona mnayarudia kana kwamba mmeyavumbua. Haya, andikeni.

1. Hotuba ipiganie kitu ambacho bado hakijapatikana. Rudini kwa Shakespeare, kwa ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, *Juliasi Kaizari*, iliyotoka 1969. Antoni, rafiki wa Kaizari aliyeuawa, hana bendera. Ana maiti, joho lenye matundu ya visu, na wosia anaouonyesha halafu anakataa kuusoma mpaka umati wenyewe umlilie. Na umati ule haukumngoja yeye. Umetoka kumshangilia Brutus, mmoja wa wauaji, sasa hivi, kwa hiyo Antoni ana kazi ya kuwang'oa watu pale walipokwisha kusimama. Wanambishia, wananong'onezana, wanageuka mmoja baada ya mwingine. Wa kwenu wamegeuka kabla ya pazia kufunguliwa, sasa huyo wa kwenye kreti anamwambia nani?

Halafu tazameni kinachofuata. Umati huo huo unamkamata mshairi kwa kuwa jina lake ni moja na la mmoja wa wauaji. Akijitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wanasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Kila ninapotunga shairi la kundi usiku, namkumbuka ndugu yule.

2. Fupisheni. Oktoba 2002 pale Uhuru Park watu walirudi nyumbani na maneno mawili ya Raila Odinga akimuunga mkono Kibaki kwa urais, "Kibaki tosha", na uchaguzi ukageuka. Wewe una kurasa tatu na bado uko kwenye utangulizi.

3. Mabango waandike watoto wenyewe, kwa mkono.

4. Hili ni refu, vuteni viti.

Mwaka 2010, Nyanza ikiwa bado mkoa, nilikuwa mwalimu wa BOG, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, katika shule moja ya wasichana. Sina namba ya TSC, tume ya kuajiri walimu, mshahara unakuja ukijisikia. Nilikuwa nimeona akina mama wakivunjiwa vibanda alfajiri, na sikusema lolote. Si kwa chifu, si barazani, hata kanisani sikuomba maombi. Nilichofanya ni kumwandikia igizo msichana wa kidato cha tatu. Aliigiza mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwisho wa igizo nikamjazia kinywani kila nilichokuwa nimekimeza mwaka mzima. Majina ya wakubwa niliyabadilisha herufi moja moja, kwa hiyo kila mtu ukumbini alijua nani ni nani.

Mtoto alikuwa na sauti ya kusimamisha nywele. Siku yenyewe ukumbi mzima uliinuka. Mimi niko nyuma ya pazia nafuta machozi, nalizwa na maneno yangu mwenyewe, mjinga mimi. Mgeni mmoja wa mstari wa mbele aliondoka kabla hatujamaliza, nikahesabu kuwa ni ushindi.

Jumatatu yule msichana akaitwa ofisini. Wanaume wawili wenye makoti walikuwa wameketi na mwalimu mkuu, na swali lilikuwa moja: nani kaandika? Akasema ameyaongeza yeye, palepale jukwaani, mwalimu hakujua. Hakuna aliyemtuma aseme hivyo. Mimi nilikuwa majilisini, mlango wa tatu kutoka pale, nasahihisha insha za kidato cha pili. Karani alipita akaniambia kinachoendelea. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha ngeli katika insha tatu nzima. Ya nne niliisoma mara mbili bila kuona neno hata moja. Sikuinuka.

Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Mama yake alipomleta tena, alinitafuta. Yeye mwenyewe aliuza omena soko la Kibuye. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Mwalimu, asante kwa kumfundisha mtoto wangu kusema." Nami nikajibu, "Karibu, mama." Karibu!

Na hotuba yenyewe, jamani, haikuwa hata nzuri. Fomu ya mwamuzi ninayo hadi leo. Ameandika kwa penseli: "Sauti safi. Ila huyu mama wa omena alisomea wapi sayansi ya siasa?" Ni kweli. Nilikuwa nimempa "ukandamizaji wa kimfumo" mara nne. Pale langoni mama yake alizungumza nami labda dakika mbili, akataja gorogoro lake, lile kopo la kupimia, lililokanyagwa siku ya kuvunjwa vibanda na jinsi alivyolinyoosha kwa jiwe ila halikubali tena kupima sawa, wateja wanamwita mwizi. Igizo lote lilikuwa ndani ya lile gorogoro. Sikuwa nimemuuliza mtu.

Aprili 2025 nyote mlibishana juu ya wasichana wa shule ya Butere na igizo lao *Echoes of War* kwenye tamasha la kitaifa kule Nakuru: serikali, polisi, vitoa machozi, amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe. Mimi nilikwama kwenye jambo dogo. Watoto wale walimtaka mwandishi wao, Cleophas Malala, ambaye alikuwa amekamatwa. Walipopanda jukwaani waliimba wimbo wa taifa, wakashuka. Wao walimdai mtu mzima wao mbele ya nchi nzima. Wangu alinificha.

Tangu msichana yule anifiche, jina langu liko juu ya kila mswada, ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Mwalimu mkuu anapata nakala kabla ya mazoezi ya kwanza na mzazi wa mwigizaji mkuu anausoma. Mzazi akikataa, tunabadilisha mstari au tunabadilisha mwigizaji, na sinuni. Wakija wenye makoti, mimi ndiye ninayeingia ofisini. Kama hasira ni yako na huwezi kuisema kwa mdomo wako, usimkopeshe mtoto.

5. Kila aliye ndani ya umati apewe jina, kazi, na sababu ya kuchelewa kufika. Mmoja awe anadaiwa na msemaji. Mmoja awe amekuja kuuza njugu tu na anataka watu wakae sana. Mtaona jinsi "Ndiyo!" zitakavyopungua.

Huyo msichana nilikutana naye juzi steji, amebeba mtoto mgongoni, anasubiri matatu ya Kondele. Nikaanza kumwomba radhi, kwa kuchelewa miaka yote hiyo, maneno yananikwama kooni. Akanitazama, akacheka.

"Mwalimu, ile aya ya pili sikuwahi kuisema. Niliiruka tangu mazoezini. Hukugundua?"