Kuficha uso siyo kutia ukungu: kurekodi filamu ya makala kuhusu wasanii wa LGBTQ

Anayetaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu wasanii mashoga, wasagaji au waliobadili jinsia huanza kwa kuuliza anunue kamera gani. Yoyote ya 4K itafaa. Swali gumu ni kama mhusika wako ataweza kurudi kwao filamu ikishatoka.

Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikataa Mei 2019 kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Kenya iliipiga marufuku I Am Samuel, filamu ya makala ya Peter Murimi kuhusu shoga Mkenya, Septemba 2021, na marufuku yenyewe haimkingi mhusika yeyote: kipande cha dakika moja hunaswa kwa simu ughaibuni, jioni kiko kwenye WhatsApp ya ukoo.

Ndiyo maana ridhaa huombwa mara tatu: kabla ya kurekodi, siku ya mwisho ya kurekodi, na baada ya mhusika kutazama mkato wa kwanza, yaani filamu ilivyohaririwa mara ya kwanza. Fomu ya siku ya kwanza peke yake haitoshi, maana mtu hajui atakachokuambia akishakuzoea. Iandikwe kwa lugha anayoisoma vizuri, itaje nchi ambako filamu itaonyeshwa, kama itawekwa mtandaoni, kama uso wake utaonekana kwenye kionjo na bango (hapa ndipo wengi husahau), na siku ya mwisho ya kujitoa. Siku hiyo iwe kabla ya kufunga uhariri. Ukishalipia usawazishaji wa rangi na uchanganyaji wa sauti, hutakuwa na moyo wa kumsikiliza.

Anayetaka kufichwa, mfiche wakati wa kurekodi. Mkalishe mgongo ukielekea kamera, au rekodi mikono yake tu ikiwa kazini: akishona gauni la jukwaani, akibandika kope. Ukungu wa mhariri huteleza mtu anapogeuza kichwa, na fremu tatu zinatosha kumtambulisha. Halafu kagua mengine: chale ya mkononi, pazia, kalenda ya duka la mtaani, mlio wa kengele ya shule. Sauti iliyoshushwa uzito inaweza kupandishwa tena, na hata isipopandishwa, shangazi yake atamjua kwa namna anavyokata maneno. Andika aliyosema, kisha mpe mwigizaji ayasome.

Kuhusu faili, piga hesabu mapema. Picha ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Saa 60 ni TB 2.7. Nunua diski mbili za TB 4, zote zifungwe kwa usimbaji fiche na nywila, zilale nyumba tofauti. Nakala ya tatu iwe nje ya nchi. Kufuta kadi ya kamera hakuondoi picha; programu ya bure huzirudisha. Ukishanakili, ijaze kadi kwa picha za barabarani kabla ya kuondoka. Zima pia GPS ya simu, na majina ya faili yawe namba tupu.

Muziki ndio huua bajeti. Msanii akiigiza jukwaani kwa kufuatisha wimbo maarufu, unahitaji haki mbili: ya utunzi na ya rekodi, na kila moja ina mwenyewe. Leseni ya matamasha ya filamu pekee ni nafuu, lakini runinga ikija inabidi ujadiliane upya ukiwa huna nguvu. Mwombe msanii arudie onyesho kwa wimbo uliotungwa kwa ajili ya filamu, na umlipe. Mahojiano ni jambo jingine, lakini onyesho ni kazi yake, kama jukwaa lolote la Ijumaa usiku. Kiasi kiandikwe kabla ya kamera kuwashwa, pamoja na mgawo wake filamu ikiuzwa, kwa sababu ugomvi wa fedha huja filamu ikishapata jina, wakati kila mtu anaamini umetajirika.