Kabla ya kutembeza bakuli

Msimu wa bajeti umefika, na barua nyingi nilizopokea wiki hizi zimetoka kwa watu wa asasi wanaopanga mwaka ujao. Nimechagua tano.

Bodi yetu imemaliza kikao kizima ikibishana juu ya maneno ya dira. Kweli ina umuhimu huo?

Dira ina umuhimu, mabishano ya maneno hayana. Dira ni hali mnayotaka kuiona siku ambayo asasi yenu haitahitajika tena. Dhamira ni kazi mnayoifanya ili siku hiyo ifike. Asasi nyingi huandika dhamira mara mbili, moja wakaibatiza dira.

Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, ambaye miguu yake ilipooza kwa maradhi akiwa na miaka 39, alianzisha taasisi ya kupambana na polio. Wananchi waliombwa watume sarafu ya senti 10 tu, moja kwa moja Ikulu, nazo zikamiminika. Michango ya namna hiyo ndiyo iliyogharimia utafiti wa Jonas Salk, na mwaka 1955 ikatangazwa kwamba chanjo yake inafanya kazi. Basi, dira imetimia! Bodi ikabaki na swali ambalo asasi chache hubahatika kuulizwa: tufunge au tutafute kazi nyingine? Mwaka 1958 wakageukia watoto wanaozaliwa na kasoro za kimaumbile. Taasisi hiyo ipo hadi leo, inaitwa March of Dimes.

Sasa chukueni dira yenu. Kama inasema "jamii yenye maendeleo endelevu", mtajuaje kwamba mmefika? Mkikosa jibu, rudini kikaoni, ila safari hii kwa saa moja tu. Na msitafute fedha kabla hamjalipata, maana asasi isiyojua iendako humfuata kila mfadhili aendako yeye.

Mfadhili mmoja anabeba karibu bajeti yetu yote na ameahidi kuendelea. Tupange kwa kumtegemea?

Ahadi si mkataba, na hata mkataba huvunjika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na miradi iliyokuwa na mikataba halali ikasimama ndani ya siku chache. Waliofunga ofisi hawakuwa wamefanya kazi mbaya.

Orodhesheni kila chanzo cha mapato na kando yake muandike uwezekano wa fedha hizo kuja. Ombi la 100 lenye nafasi nusu kwa nusu liingie kwenye bajeti kama 50. Mhasibu wenu atanuna, lakini mtalala usingizi. Mishahara na pango vilipwe kwa fedha zenye uhakika. Miradi mipya isubiri zile za matumaini. Halafu anzeni kuweka akiba. Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni gharama za uendeshaji za miezi mitatu hadi sita. Mkiwa hamna kitu kabisa, mwezi mmoja ni mwanzo mzuri.

Wafadhili hawapendi kulipia mishahara na ofisi. Tuvifiche ndani ya gharama za mradi?

Msifiche, kwa sababu mkaguzi atavifichua. Vioneshwe mahali pake. Mhasibu anayeutumikia mradi siku moja kati ya tano, moja ya tano ya mshahara wake ni gharama halali ya mradi huo. Hata ruzuku za serikali ya Marekani, tangu Oktoba 2024, zinaruhusu asasi isiyo na kiwango ilichokubaliana na serikali hiyo kudai hadi asilimia 15 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za kuendesha ofisi na uhasibu, badala ya 10 ya awali. Mwenye kuomba kwa aibu hupewa nusu.

Mwaka jana mamia ya watu walituchangia mtandaoni. Mwaka huu kimya. Tubuni kampeni gani?

Kabla ya kampeni, nijibuni hili: ni wangapi kati yao mliowaandikia kuwaambia fedha zao zilifanya nini? Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu, na shirika la Marekani linalopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, likakusanya dola milioni 115. Kishindo cha aina ile hakipangwi kwenye bajeti. Aliyekwisha kuchangia ndiye anayepangika. Ashukuriwe ndani ya siku mbili, apelekewe habari angalau mara moja bila kuombwa chochote, ndipo aombwe tena. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo kwa jina. Ikiwa ya wote, haitafanyika.

Wajumbe wa bodi nao wachange?

Ndiyo, wote, kila mmoja kwa uwezo wake. Baadhi ya wafadhili huliuliza swali hilo kabla ya kulisoma andiko lenu, na anayetazamwa usoni huwa ni mwenyekiti.