Pampu ya ombwe ya maji: mbona haivuti?

Swali: Nimeunda pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa kwa mkondo wa maji, kwa tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ya PVC ya nusu inchi. Maji yanatoka kwenye tanki lililo mita 3 juu. Puto nililolifunga na kuliweka ndani ya chupa halivimbi hata kidogo. Tatizo ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kwanza, msukumo ni mdogo mno. Pampu hii hutaka maji yenye nguvu kama ya tanki lililo mita 20 juu. Tumia pampu ya umeme ya nusu hospawa. Soma kibandiko, iwe inapandisha maji walau mita 25.

Pili, na hili ndilo kubwa, tii tupu haivuti. Ndani yake funga ncha ya shaba yenye tundu la milimita 3. Milimita 5 mbele ya ncha liwepo koo: kibomba cha kipenyo cha ndani milimita 5, urefu sentimita 5. Vinyooke mstari mmoja, la sivyo maji yatagonga ukingo wa koo na kumwagikia njia ya hewa. Tena maji lazima yajaze koo. Yakipita katikati kama uzi laini bila kugusa kuta, hewa ya nje hurudi kandokando yake. Tumbukiza mwisho wa hosi ya kutolea maji ndani ya maji ya pipa ambalo pampu ya umeme inavuta, koo litajaa.

Kupima ni rahisi: simamisha mpira wa maji mwangavu, ncha ya juu ikiwa kwenye njia ya hewa ya tii na ya chini ikiwa majini. Kila mita 1 maji yanayopanda ni karibu asilimia 10 ya kanieneo (mgandamizo) ya hewa.

Pipa hilo liwe la lita 100, usitumie ndoo, kwa sababu maji yanayozunguka hupata joto, na ombwe haliwezi kushuka chini ya kanieneo ya mvuke wa maji hayo: milimita 24 za zebaki (kipimo cha kanieneo) kwa nyuzi joto 25, lakini 55 kwa nyuzi 40.

Swali: Nikizima pampu, maji yanarudi kwenye chupa ya jaribio. Nifanyeje?

Jibu: Ingiza hewa kwanza, ndipo uzime. Umeme ukikatika hutapata nafasi hiyo, kwa hiyo weka kati ya pampu na chupa ya jaribio chupa tupu ya kunasa maji pamoja na valvu ya njia moja. Chupa zote ziwe za kioo kinene, za mviringo, zisizo na ufa, na uvae miwani ya kukinga macho.