Re: mpira toka darini, kalkuleta yanigomea

Mdogo wangu, hapo kwa mpira uliorushwa juu kwa 5 m/s toka dari ya nyumba ya Lamu, mita 10 toka chini, wauliza wafika chini baada ya sekunde ngapi, shida si kalkuleta, ni alama, umeweka s (umbali toka ulipoanzia, juu au chini) = +10 na mpira waishia chini ya ulipoanzia, kwa hivyo ni -10. Chora mshale kwanza, amua juu ndo chanya, basi g (mchapuko wa mvutano wa dunia, hapa twaichukua 10 m/s²) ni -10 safari nzima, hata pale kileleni spidi ikiwa sufuri g bado ni -10, hapa wengi huteleza sana.

Sasa tia kwa s = ut + ½gt², u ni spidi ya kuanzia, t ni muda: -10 = 5t - 5t², yaani t² - t - 2 = 0, wapata 2 na -1, ile -1 achana nayo, ni kabla hujarusha. Jibu sekunde 2. Na usiigawe safari vipande viwili, cha kupanda na cha kushuka, wajichosha bure.