Uwanja Huu Unahitajika na Nani?

SWALI: Nafanya kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Bosi amenunua programu ya mauzo na stoo, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kurekebisha fomu zake: kuongeza na kupunguza vya kujazwa, na kuandika maelezo kwa Kiswahili ili vijana wa kaunta wasihangaike. Nimekwama. Pale mtu anapoandika jina au bei, tupaite uwanja, uga, sehemu au kisanduku? Na kitufe cha mwisho kiwe "Wasilisha" au "Hifadhi"?

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, umekuja wakati nina hasira, kwa hiyo vumilia.

Mwaka jana nilikuwa najaza fomu kwenye tovuti ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Saa tano usiku, intaneti inakwenda na kurudi. Nimeandika jina, nimeandika la baba, nikabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: "Uwanja huu unahitajika." Nilishtuka kweli. Kiwanja ninacho kimoja tu, kiko Kibaha, na hati yake bado naifuatilia. Nani tena anakihitaji, na kajuaje? Kushuka chini nikakuta maelekezo: "Viwanja vyote vyenye nyota lazima vijazwe." Hapo angalau nilielewa. Uwanja wenye nyota ninaoujua mimi uko Temeke, unaitwa Benjamin Mkapa, unachukua watu 60,000, na siku Simba na Yanga wanapokutana hujazwa bila mtu kulazimishwa.

Huo ndio uwanja wa Mswahili. Kuna uwanja wa mpira, uwanja wa ndege, uwanja wa mapambano. Kuna viwanja vya kujenga, ambavyo wateja wako wa saruji na mabati wanavyo au wanaviota. Ukimwambia mtu "jaza uwanja" atatafuta tarumbeta. Hata wingi wake una mzozo: wengine nyanja, wengine viwanja, na "nyanja" wamekwishazichukua wasomi kwa elimu na uchumi. Sasa neno hilohilo lenye kazi zote hizo limeshushwa kwenye kijistari chenye upana wa vidole vitatu ili dada wa kaunta aandike "nondo milimita 12". Ni kama kumwita kuku nyama pori.

Najua lilikotoka. Wenye Kiingereza wana neno lao la shamba na uwanja, "field", na zamani za kadi za kutoboa matundu, zile karatasi ngumu ambazo mashine zilisomea taarifa, walilitumia kwa fungu la safu zilizotengewa taarifa moja, kama vile kukata eneo na kulipatia mwenyewe. Kadi za kampuni ya IBM za safu 80 ziliingia mwaka 1928. Kadi zimekwenda makumbusho, tamathali imebaki. Ni tamathali nzuri, kwao. Mfasiri wetu akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaenda kulala.

Nawe usidhani "uga" utakuokoa. Uga ni uleule uwanja, eneo wazi la nyumba au la kuchezea, na watangazaji wa Kenya kila wiki wanatupeleka uga wa Kasarani na uga wa Nyayo. Ukihama uwanja ukaenda uga, umetoka Temeke ukaenda Nairobi, mpira ni uleule. "Kisanduku" nakivumilia kwa kile kimraba cha kutia alama ya vema, basi.

Neno unalolitafuta ulifundishwa darasa la tatu. Mwalimu aliandika ubaoni: "Jaza nafasi zilizo wazi." Watoto wote wa nchi hii walijaza, hakuna aliyeuliza nafasi ni nini. Asili yake Kiarabu, ndugu wa pumzi, kwa hiyo lina hewa ndani yake. Nafasi. Wingi wake nafasi vilevile. Na mkizungumza nyinyi wenyewe ofisini, semeni "sehemu ya bei", "sehemu ya jina", haina ubaya.

Lakini kwenye skrini, mbele ya mjazaji, usiandike hata hilo. Hapa ndipo penye shida yako halisi, nayo hukuiuliza.

Tazama programu nyingi zinavyotunga maonyo. Aliyeitengeneza ameandika sentensi moja yenye tundu: kitu fulani "inahitajika". Kisha mashine inachomeka jina la kila nafasi kwenye tundu hilo. Kwa Kiingereza haidhuru, kitenzi chao hakijali aliyekaa mbele yake. Kwetu kitenzi kina macho. Matokeo yake vijana wako watasomeshwa hivi mchana kutwa: "Jina inahitajika." "Kiasi inahitajika." "Mtaa inahitajika." "Bei inahitajika", ambayo ni sahihi kwa bahati, kama saa iliyosimama. Tunataka jina linahitajika, kiasi kinahitajika, mtaa unahitajika. Na mashine haijui ngeli, wala aliyeiuza hana mpango wa kuifundisha.

Nimesikia watu wakisema hilo ni kosa dogo, maana ujumbe umefika. Hata mwizi naye mzigo wake unafika. Kijana anayesoma "kiasi inahitajika" mara arobaini kwa siku, mwezi wa pili atakuwa anaiandika kwenye risiti, na mwezi wa tatu atamwambia mteja "kiasi yako imezidi". Sizui, nimesimama kwenye foleni nikayasikia.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inaniudhi. Acha kusema habari za kitu, mwambie mtu. "Hujajaza jina." "Hujajaza kiasi." "Hujajaza mtaa." Kitenzi sasa kinamfuata mjazaji, na mjazaji hana ngeli zaidi ya moja. Chomeka neno lolote kwenye tundu, sentensi haivunjiki. Pia umeondoa lile swali lililoninyima usingizi: unahitajika na nani? Karani wa zamani, mwenye wino vidoleni, hakuwahi kumwambia mtu kwamba sehemu fulani ilikuwa inahitajika. Alisukuma karatasi kwenye kidirisha akasema, "Hapa hujajaza, mzee." Ukitaka upole, sema "Tafadhali jaza kiasi." Na karatasi zake zilikuwa na Kiswahili safi: jaza kwa herufi kubwa, futa isiyohusika, kwa matumizi ya ofisi tu. Sijui kwa nini tulipopata kompyuta tulijifanya hatujawahi kuona fomu.

Ukiwa hukohuko kwenye maonyo, liondoe "Umbizo batili", yaani hukuandika kwa mpangilio unaotakiwa. Ndoa huwa batili, kura huwa batili, mkataba huwa batili mkifika mahakamani. Mtu aliyesahau tarakimu moja ya simu hastahili hukumu hiyo. Andika "Namba ya simu iwe na tarakimu 10, ianze na 0." Maelezo kama haya yaweke chini ya nafasi. Yale maandishi ya kijivu yanayokaa ndani yake hufutika mtu akigusa herufi ya kwanza, yaani yanaondoka wakati uleule anapoyahitaji.

Kwa majina ya wateja usiweke "jina la ukoo" kwa mazoea. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na ukoo wenyewe hauandikwi popote. Andika "Jina kamili", nafasi moja ndefu. Na vile viduara vya kuchagua kimoja tu, ambavyo mafundi wanaviita vitufe vya redio kwa sababu ya redio za zamani za gari, ukibonyeza kimoja kingine kinaruka juu: usimwandikie mtu "redio" popote. Andika "Chagua moja".

"Ingiza" nimechoka kupigana nalo. Kuingiza ni kupitisha kitu ndani: unaingiza gari uani, unaingiza mkono mfukoni, na tapeli anakuingiza mjini. Jina huandikwa, bei hujazwa, namba ya siri huwekwa. Lakini simu zinatuambia "ingiza" kila siku, na hata mama mkwe wangu, anayesahihisha khutba ya Ijumaa akiwa nyumbani, anaitii bila kunung'unika. Liache lilipo. Usiliongeze tu.

Kitufe cha mwisho kiwe "Hifadhi". Kuwasilisha kunataka mtu wa kupokea: bajeti huwasilishwa bungeni, malalamiko huwasilishwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana wa kaunta akimaliza kuandika mifuko 50 ya saruji hajamwasilishia mtu kitu, ameiweka kwenye kumbukumbu. Kama baadaye kuna fomu ya kuomba mzigo inayokwenda kwa bosi aikubali, hiyo ndiyo ipewe "Wasilisha", au "Tuma", fupi zaidi na kitufe hakitanuki.

Jambo la kifundi moja kabla hujaanza. Kila nafasi kwenye programu kama hizo huwa na majina mawili: lile analoliona mjazaji, na lile la ndani ambalo ripoti na hesabu zinalifuata. Badilisha la kuonekana upendavyo. La ndani usiliguse, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili cha kutapisha. Halafu mkalishe kijana mmoja wa kaunta ajaze mbele yako, nawe unyamaze. Atafika mahali ageuke akuulize, "Hapa niandike nini?" Jibu litakalokutoka mdomoni, kabla hujalipamba, ndilo uliandike kwenye fomu.