Kiingereza cha kusoma unacho, cha kusikia bado: njia iliyonisaidia

Mleta mada, swali lako limenigusa kwa sababu hapo ulipo nimepita. Umesema unasoma ripoti na magazeti ya Kiingereza bila shida, barua za kazini unaandika mwenyewe, lakini tamthilia ikianza unaambulia nusu ya mazungumzo, na maneno unayokariri jioni yanakuwa yamepotea kabla wiki haijaisha. Sasa unauliza ukariri orodha za maneno au uongeze saa za televisheni. Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika, kila mmoja anavutia kwake.

Mimi nasema ufanye vyote viwili, ila uchukue vitu vichache kuliko unavyoshauriwa, na uvirudie zaidi kuliko unavyoshauriwa. Chukua kipande kifupi cha watu wanaoongea kwa kasi yao ya kawaida, kisikilize mpaka pasibaki neno usilolisikia, halafu maneno ya kujifunza uyatoe humo humo. Mtu wa kiwango chako akisikiliza saa tatu kwa juujuu anatoka na yale aliyoingia nayo.

Kwanza tuelewane kwa nini sikio linagoma. Kiswahili kina irabu tano tu, kila silabi inatamkwa kwa ukamilifu wake, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika maneno yote. Sikio letu limelelewa hivyo. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, mkazo unahamahama, na silabi isiyo na mkazo inamezwa. Tazama "photograph", "photography" na "photographic": mzizi mmoja, lakini mkazo unaruka mahali patatu tofauti, na kila unaporuka irabu nazo zinabadilika. Maneno madogo kama "to", "of", "have" na "him" yanasinyaa zaidi. Mtu akisema "I should have told him" kwa haraka, kinachofika sikioni ni kitu kama "ashuda toldim". Hakuna neno hata moja hapo usilolijua. Ndiyo maana orodha ya maneno mapya haitibu ugonjwa huu peke yake: neno unalo, ila umelizoea kwa macho, na mdomoni mwa watu linakuja na sura nyingine.

Kilichonifungua masikio ni imla, ile ile ya shuleni, ila safari hii simu ndiyo inayokusomea. Kazi yangu inanitaka niandike mihtasari ya mikutano ya mtandaoni inayoendeshwa kwa Kiingereza, na waongeaji wana lafudhi za kila namna, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukwepa. Nilitafuta mahojiano ya redio ambayo maandishi yake kamili yamewekwa, nikachukua dakika moja tu. Unasikiliza sentensi, unasimamisha, unaandika ulichokisikia. Usiandike unachodhani kinafaa kuwepo. Unarudia mpaka uone masikio hayaongezi kitu kipya. Hapo ndipo unafungua maandishi halisi na kuzungushia kwa kalamu nyekundu kila kilichokupita.

Angalia nyekundu inaangukia wapi. Kwenye ukurasa wangu wa mwanzo "accountability" ilikuwa sawa, "infrastructure" ilikuwa sawa. Nyekundu ilijaa kwenye "of", "had", "would have been", na kwenye ile "-ed" ya wakati uliopita. Mtangazaji alisema "they asked the minister", nami nimeandika "they ask the minister", kwa sababu ile "t" ya mwisho wa "asked" inafichwa na "the" inayofuata. Kwa mtu wa kuandika mihtasari hilo si jambo dogo. Kama watu wamemuuliza waziri jana au wana desturi ya kumuuliza, ni habari mbili tofauti.

Ukishapata nyekundu zako, sikiliza tena huku macho yako kwenye maandishi, kisha funika maandishi usikilize tena. Utashangaa: kilichokuwa ukungu kinakuwa wazi, na kikishakuwa wazi hakirudi kuwa ukungu. Mwisho ongea pamoja na msemaji, ukimfuata nyuma kidogo kama mwangwi, kwa kasi yake na mapumziko yake. Wakalimani hutumia zoezi hili katika mafunzo yao. Mdomo ukishaweza kumeza silabi kama wao wanavyomeza, sikio linaacha kuhangaika.

Kuna mchangiaji hapo juu ameshauri upunguze kasi ya video. Mimi sikubaliani naye. Silabi imemezwa mdomoni mwa msemaji, na ukipunguza kasi unairefusha ile ile iliyomezwa. Afadhali kurudia sentensi moja kwa kasi yake halisi kuliko kusikiliza kipindi kizima cha watu wanaoongea kama wamelewa usingizi. Kwa sababu hiyo hiyo ningekushauri uachane na vipindi vya wanaoanza. Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi, yenye msamiati wa maneno kama 1500 na kusomwa taratibu. Ni kazi nzuri iliyowasaidia watu wengi duniani, lakini wewe umeshapita hapo.

Sasa televisheni. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaitumia bila kujua inawapa nini.

Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kusoma ripoti ana maneno marefu, mengi yakiwa na asili ya Kilatini: anajua "postpone", anajua "tolerate", anajua "extinguish". Watu wakiwa nyumbani kwao, wakigombana au wakitaniana, mara nyingi hawasemi hivyo. Wanasema "put off", "put up with", "put out". Unalijua "put", unalijua "up", unalijua "with", na bado mtu akisema "I won't put up with it" inakupita, kwa sababu maana haiko kwenye neno lolote kati ya hayo, iko kwenye fungu zima. Hiki ndicho Kiingereza ambacho ripoti hazikupi, na ndicho tamthilia imejaa. Kwa hiyo ukikaa mbele ya skrini, maneno magumu yaache, tega mafungu haya ya maneno mepesi.

Chagua mfululizo mmoja ukae nao. Usirukeruke. Wahusika wale wale wana misemo yao, na mada ile ile inarudisha msamiati ule ule: tamthilia ya mahakamani itakurudishia maneno ya ushahidi na dhamana mpaka utachoka, na huko kurudi ndiko kunakofundisha bila wewe kujilazimisha. Mfululizo wa siku hizi ni bora kuliko wa wafalme wa zamani, maana lugha ya kasri haitakufaa kazini. Na usijipime kwa makala za wanyama. David Attenborough anasoma maandishi yaliyopangwa, kwa sauti iliyonyooka na mapumziko marefu. Kumwelewa yeye ni raha, lakini haina maana kwamba utawaelewa watu watatu wanaokatizana mezani. Ningeanza na mahojiano marefu, nikaingia tamthilia, na vichekesho ningeviacha mwisho kabisa, kwa sababu mzaha unaegemea mambo ambayo wenyeji wameishi nayo tangu utotoni.

Kuhusu maandishi ya chini ya skrini: ya tafsiri zima kabisa. Ukiweka ya Kiswahili, akili inasoma Kiswahili na Kiingereza kinabaki kelele ya nyuma. Ya Kiingereza yanafaa, ila si mwanzoni. Angalia onyesho la dakika mbili tatu bila maandishi, uone umeshika nini. Rudia ukiwa na maandishi. Rudia tena bila maandishi. Sehemu iliyobaki ya kipindi iangalie kwa starehe yako, bila kazi yoyote. Ujue pia kwamba mara nyingi maandishi hayo hufupishwa ili yaenee kwenye skrini, hivyo yasipolingana na ulichosikia usikimbilie kulilaumu sikio.

Tuje kwenye msamiati. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand aliyetumia maisha yake kwenye jambo hili, alionyesha mwaka 2006 kwamba ili ujue maneno 98 kati ya kila 100 katika mazungumzo, unahitaji familia za maneno 6000 hadi 7000, na kwa maandishi kama riwaya na magazeti 8000 hadi 9000. Familia ni neno na watoto wake, yaani "develop", "development" na "developer" vinahesabiwa kimoja. Utaona kwamba mazungumzo yanahitaji maneno machache kuliko gazeti. Kwa hiyo kama gazeti unalisoma vizuri na mazungumzo yanakushinda, upungufu wako mkubwa hauko kwenye idadi ya maneno. Hili peke yake lingetosha kukuondolea hofu ya zile orodha ndefu.

Hata hivyo maneno lazima yaongezeke, na yasisahaulike. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alikuta kwamba usahaulifu ni wa kasi sana katika saa za mwanzo, kisha unapungua. Maana yake kwetu ni kwamba kukariri maneno mengi usiku mmoja ni kazi ya bure. Neno linataka kukumbushwa karibu na pale linapoanza kuponyoka, kisha baada ya muda mrefu zaidi, kisha mrefu zaidi. Mwandishi Sebastian Leitner aliuweka utaratibu huo kwenye visanduku vya kadi katika kitabu chake cha mwaka 1972: kadi ukiipatia inasogea kisanduku cha mbele, ukiikosea inarudi cha kwanza. Siku hizi programu kama Anki inakufanyia hesabu yote. Kadi za karatasi nazo zinafanya kazi, mradi usizichoke.

Muhimu zaidi ni nini unaandika kwenye kadi. Usiandike neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Andika sentensi ile ile uliyoisikia, toa fungu unalolitaka, acha pengo. Kadi yangu moja imeandikwa "The board was ____ to approve the budget", na nyuma yake "reluctant". Kwa kuwa niliitoa kwenye mkutano wa kweli, nikiiona naisikia na sauti ya aliyesema, na ninajua kwamba "reluctant" inafuatwa na "to". Ungeandika tu kwamba maana yake ni kusitasita, siku ya kuitumia ungekwama kwenye hicho kinachofuata. Maneno ya Kiingereza yana marafiki zao: uamuzi wanasema "make", hatari wanasema "take", mvua kubwa inaitwa "heavy", chai kali inaitwa "strong". Hakuna kanuni ya kukueleza kwa nini. Unayachukua pamoja au unayakosa pamoja.

Usiweke kadi kwa kila neno geni. Neno likikujia mara moja, liache lipite. Likirudi, limeonyesha kwamba lina kazi, liandike. Kwa maana tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Naipenda COBUILD, iliyotoka mwaka 1987 kutokana na kazi ya John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa sababu inaeleza neno ndani ya sentensi kamili, hivyo unaona hapo hapo linavyokaa. Ukiwa unaelekea masomo ya chuo, ipo pia orodha ya mtafiti Averil Coxhead ya mwaka 2000 yenye familia 570 zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma. Hiyo ndiyo orodha pekee ningekushauri uipitie yote, na pengine kwa usomaji wako utakuta nyingi unazijua.

Kuna jambo hukuliuliza lakini lazima niliseme. Kusikiliza peke yake hakutakufanya uongee. Mtafiti wa lugha Merrill Swain aliandika mwaka 1985 kuhusu wanafunzi wa Canada waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka: walielewa vizuri sana, lakini walipoongea na kuandika walikuwa nyuma ya wenyeji wa lugha. Kwa hiyo kipande chako kikiisha, zima kila kitu, simulia ulichosikia kwa sauti ukijirekodi kwenye simu, na ujilazimishe kutumia mafungu mawili matatu uliyoyaandika. Sikiliza rekodi yako. Pale unapokwama ndipo pa kufanyia kazi kesho.

Kwa muda, nusu saa kila siku inatosha: kadi kwanza kabla akili haijachoka, halafu dakika yako ya imla, halafu kusimulia. Wakati wa kupika au kutembea, weka masikioni vile vipande ulivyokwisha kuvichambua, usiweke vipya. Wiki ikikubana, acha vyote ubaki na kadi, kwa sababu kadi zikilimbikizana ndizo zinazokatisha watu tamaa wasirudi.

Kuhusu lafudhi, baki na moja mpaka uizoee, kisha ongeza nyingine. Kama lengo lako ni IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, lafudhi zitachanganywa na rekodi itapigwa mara moja tu kwa maswali 40, kwa hiyo karibu na mtihani jizoeze pia kusikiliza bila kurudia.

Chagua dakika yako leo, ifanyie imla, halafu weka hapa ulichoandika pamoja na maandishi halisi. Tukiona nyekundu zako zimeangukia wapi, tutajua uanzie wapi.