Maswali ya Wasomaji: Joe Slovo na nyumba milioni moja

SWALI: Mhariri, Joe Slovo alikuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Mwaka 1994 Mandela akampa Wizara ya Nyumba. Mpiganaji wa msituni alijua nini kuhusu nyumba, na mbona watu walilalamika kwamba zilizojengwa ni vibanda?

JIBU: Ndugu msomaji, msituni alifika baadaye. Kabla ya kwenda uhamishoni mwaka 1963 alikuwa wakili Johannesburg. Na mwaka 1992 ni yeye, Mkomunisti tangu ujana, aliyependekeza ANC ikubali kugawana madaraka kwa muda maalumu na chama tawala cha Wazungu, na pia watumishi wa serikali ya zamani wasifukuzwe. Baadhi ya wenzake walikasirika kweli.

Wizarani aliendelea na mtindo huohuo wa kupatana. Mabenki yalikuwa yamevikimbia vitongoji vya Weusi, maana miaka ya 1980 wakazi waligoma kulipa kodi ya pango na hata mikopo ya nyumba. Oktoba 1994, huko Botshabelo, Slovo aliwakutanisha mabenki, wajenzi na vyama vya wakazi, wakatia saini mapatano: mabenki yakopeshe tena, wakazi walipe, serikali ibebe sehemu ya hasara.

Kwa asiyekopesheka kulikuwa na ruzuku ya mara moja. Kaya yenye kipato kisichozidi randi 800 kwa mwezi ilipata randi 15,000. Kiasi kilishuka kwa ngazi hadi randi 5,000, na mwenye kipato kinachozidi randi 3,500 hakupata kitu.

Vibanda vilitokana na hesabu hiyo. Zile 15,000 hazikuwa za matofali peke yake: zilitangulia kulipia kiwanja, upimaji, barabara, bomba la maji na mfereji wa maji taka. Kilichosalia ndicho kilichojenga nyumba, mara nyingi chumba kimoja chenye bati. Ndiyo maana pia wajenzi walifuata ardhi rahisi, nje kabisa ya mji, mbali na kazi. Ruzuku kubwa zaidi ingetoa nyumba bora lakini chache, na serikali ilikuwa imeahidi nyumba milioni 1 kwa miaka 5. Slovo akachagua wengi wapate kidogo, kisha kila mtu ajiongezee vyumba. Kwa maoni yetu hapo ndipo pagumu: aliyepewa ruzuku kwa kuwa hana kitu, saruji ya kuongezea ataitoa wapi? Kiwango cha chini cha mita 30 za mraba kiliwekwa mwaka 1999 tu.

Slovo mwenyewe hakuyashuhudia hayo. Saratani ya uboho ilimuua tarehe 6 Januari 1995, miezi 8 tu tangu aapishwe. Ujenzi ulisimamiwa na mrithi wake, Sankie Mthembi-Mahanyele.

SWALI: Alizaliwa Afrika Kusini?

JIBU: La, Obeliai, Lithuania, mwaka 1926, alihamia akiwa mtoto. Mkewe wa kwanza, Ruth First, aliuawa Maputo Agosti 1982 kwa bomu lililofichwa ndani ya barua. Slovo amezikwa makaburi ya Avalon, Soweto.